Kilicho Chini ya Kromu: Hotuba kwa Mafundi Baiskeli wa Tanga kuhusu Krenki za Zamani

Wazee wangu, mafundi wenzangu wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni, kina mama mliotuheshimu kwa kufika, na vijana mnaojifunza kazi hii, assalaam alaykum.

Nimeombwa nizungumze juu ya krenki za baiskeli za zamani, yaani ile mikono miwili inayobeba pedeli, gia kubwa ya mbele, na ekseli inayopita ndani ya fremu na kuviunganisha vyote. Nimeombwa pia nieleze kwa nini krenki ya baiskeli moja hudumu miaka hamsini ilhali ya nyingine, inayofanana nayo kwa umbo na kwa mng'aro, hulegea kabla tairi la kwanza halijaisha. Jibu langu nalitoa mapema ili mnipime kwalo. Ubora wa krenki haumo katika jina lililogongwa juu yake wala katika kromu. Umo katika kazi zilizofanywa kiwandani kabla ya kromu kupakwa, na kila moja ya kazi hizo imeacha alama ambayo fundi mwenye tupa, kipimo na subira anaweza kuisoma hapa hapa Tanga.

Mezani nimeweka krenki nne. Naomba zipitishwe mkono kwa mkono wakati nikizungumza, na ile iliyovunjika ianze mbele, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifundisha kabla ya mtu yeyote.

Ilikuwa ya mtoto wa ami yangu, aliyekuwa akileta nazi mjini kutoka upande wa Pongwe. Siku hiyo alikuwa na gunia kubwa nyuma, akafika kwenye mwinuko, akasimama juu ya pedeli kama tufanyavyo sote, na mkono wa kushoto ukakatika pale pale pedeli inapoingia. Aliangukia goti juu ya kokoto, na goti hilo halikurudi kuwa kama lilivyokuwa. Krenki ilikuwa na miezi kumi na minne tu tangu inunuliwe ikiwa mpya ndani ya karatasi. Duka na kiwanda sitavitaja. Kilichonishughulisha tangu siku ile ni uso wa mvunjiko wenyewe.

Utazameni kwa karibu. Sehemu inayoanzia ukingo wa tundu la pedeli ni laini na imeingia weusi wa grisi na kutu, na mkiigeuza kwenye mwanga mtaona mistari iliyopinda ikifuatana, kama ile ambayo maji huipanga mchangani pale Raskazone bahari inapokupwa. Sehemu iliyobaki ni ya kijivu, imekwaruzika, na inameta kama chumvi ya mawe iliyovunjwa. Kila mstari katika ile sehemu nyeusi ni hatua ambayo ufa ulisogea, ukapumzika, kisha ukasogea tena. Krenki hii haikuvunjika siku ya ajali. Ilianza kuvunjika miezi mingi kabla, na siku ya ajali kilikatika kile kipande kidogo kilichokuwa bado kinashikilia.

Wahandisi huuita uharibifu huu uchovu wa metali, na hesabu yake inaeleweka. Chukueni baiskeli ya kawaida ya mzigo yenye gia ya mbele ya meno 48 na ya nyuma ya meno 20, na gurudumu ambalo likizunguka mara moja husogea kama mita 2.2. Mzunguko mmoja wa krenki unakusogeza kidogo zaidi ya mita 5, kwa hiyo safari ya kilomita 10 inataka mizunguko karibu 1,900. Mtu anayekwenda na kurudi siku 300 kwa mwaka huukanyaga kila mkono wa pedeli zaidi ya mara milioni moja. Ni viungo vichache vya baiskeli vinavyopigwa hivyo na uzito wa mtu mzima. Chuma cha pua, yaani stili ya kawaida, siyo ile isiyoshika kutu, kina sifa njema hapa: mzigo ukibaki chini ya kiwango fulani, kinaweza kuvumilia mizunguko isiyohesabika bila kuchoka. Lakini sifa hiyo huipata krenki ambayo haina kasoro ya kuanzishia ufa. Kiputo cha hewa ndani ya metali, kona kali ndani ya tundu, mkwaruzo wa chombo uliosahauliwa na mtu wa kiwandani, kila kimoja chatosha kuukusanya mzigo mahali pamoja na kuupita ule mpaka.

Hapo ndipo kazi ya kwanza inapoingia, nayo ni namna mkono wa pedeli ulivyopewa umbo. Kiswahili kinatofautisha vizuri kufua na kusubu. Kusubu ni kuyeyusha metali na kuimimina katika kalibu ipoe humo. Kufua ni kukipasha chuma moto hadi kiwe chekundu, kisha kukipiga ndani ya kalibu mbili kwa nyundo ya mashine hadi kikubali umbo. Kilichosubiwa kinaweza kuwa na umbo lile lile na uzito ule ule, lakini ndani yake chembe za metali zimelala zilivyopenda, na mara nyingi kuna vijishimo vya gesi iliyonaswa. Katika kilichofuliwa, mishipa ya chuma imevutwa kufuata umbo la kitu. Anayetaka kulielewa jambo hili na awaulize mafundi wa majahazi kwa nini taruma, yaani ubavu wa jahazi, hutafutwa katika tawi lililojipinda lenyewe porini, wala halikatwi kutoka ubao ulionyooka. Mti uliojipinda mishipa yake imepinda pamoja nao, na bahari haipati pa kuupasulia. Krenki iliyofuliwa ndiyo taruma la namna hiyo.

Namna ya kuzitambua ni kuigeuza krenki na kutazama mgongo wake, upande unaoelekea fremu, ambako viwanda vingi havikupoteza muda kusugua. Iliyofuliwa huwa na mkanda mpana kandokando yake, pale ambapo chuma kilichozidi kilibanwa nje kati ya kalibu mbili kisha kikakatwa na kusagwa. Iliyosubiwa huwa na mstari mwembamba kama uzi, na mara nyingine ngozi yake ina vinyweleo. Krenki ya pili inayowafikia sasa, yenye gia iliyotobolewa vichwa vitatu vya korongo, ni ya Raleigh, kiwanda cha Nottingham, Uingereza. Pitisheni kidole gumba mgongoni mwake. Ule mkanda mtausikia chini ya kutu, na hiyo kutu ni ya juu tu.

Kazi ya pili ni ya moto na makaa, na ndiyo inayoachwa kwanza na mtu anayetaka kupunguza gharama, kwa sababu haionekani kabisa. Ekseli ya krenki inafanya kazi mbili zinazopingana. Katikati yake inapaswa kuwa ngumu kuvunjika, yaani iwe na ustahimilivu wa kupinda kidogo na kurudi, na pale gololi zinapopita inapaswa kuwa ngumu kama kioo ili isichimbike. Chuma kimoja hakina sifa hizo mbili kwa asili yake. Viwanda vilivyojiheshimu vilichukua chuma chenye kaboni kidogo, vikakifungia ndani ya vitu vyenye kaboni, vikakipasha moto kwa saa nyingi hadi ngozi yake ikanywa kaboni, kisha vikakitumbukiza ghafla katika mafuta au maji. Ngozi ikawa ngumu sana na moyo ukabaki mpole. Bakuli za gololi nazo zilifanyiwa hivyo hivyo. Aliyeruka kazi hiyo alipata ekseli inayong'aa siku ya kwanza na yenye njia iliyochimbika baada ya masika moja.

Kipimo chake kiko mfukoni mwa kila fundi. Chukua tupa ndogo yenye meno makali, iweke pembeni kidogo mwa njia ya gololi, mahali ambapo pakikwaruzika hapana madhara, na uisukume mara moja bila kukandamiza. Ngozi ikiwa ngumu, tupa litateleza na kutoa mlio mwembamba, nawe hutaona unga wa chuma. Ngozi ikiwa laini, tupa litauma na kuacha mfereji unaometa. Nimefanya jaribio hili kwa ekseli nyingi za akiba zinazouzwa kama mpya na kwa nyingine nyingi zilizotolewa katika baiskeli zenye umri kunizidi, na nawaambia bila kusita kwamba mara nyingi ile kuukuu, baada ya kuoshwa kwa mafuta ya taa, ndiyo niliyoirudisha kwenye fremu. Vijana hufikiri ni ubahili wa mzee.

Sasa nije kwenye vipimo, ambapo nitakaa zaidi, kwa kuwa hapo ndipo sisi wenyewe tunapoziharibu krenki nzuri.

Kampuni ya BSA, ambayo wengi wenu mnaikumbuka kwa alama yake ya bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja, ilianzishwa Birmingham mwaka 1861 kwa ajili ya kutengeneza bunduki. Mtengeneza bunduki wa jeshi ana sharti moja gumu: kipande kilichotoka katika bunduki hii lazima kiingie katika bunduki ile bila kupigwa tupa. Ili kulitimiza, kila tundu hupimwa kwa kipimo chenye ncha mbili, ncha moja ikiwa lazima ipite na ya pili ikiwa lazima ikatae. Kampuni hiyo ilipoanza kutengeneza vipande vya baiskeli ilikuja na nidhamu ile ile, na ndiyo maana vipande vyake vilinunuliwa hata na watengenezaji wengine wa baiskeli. Ubora wa namna hii hauonekani kwa jicho. Unausikia siku unapofunga krenki na kila kitu kinakaa mahali pake bila nyundo.

Lakini usahihi ndani ya kiwanda kimoja haukuwa na maana kwamba viwanda vyote vilikubaliana. Fremu za kawaida za Uingereza zilikatwa nyuzi, yaani mistari ya skrubu, 24 katika kila inchi pale bakuli linapoingia, na Raleigh kwa baiskeli zake nyingi ikakata nyuzi 26 kwa kipenyo kile kile. Wafaransa walitumia kipenyo cha milimita 35 na uzi wa milimita 1, Waitaliano milimita 36. Fikirini basi fundi aliyeletewa Raleigh ya zamani yenye bakuli lililokwisha. Ananunua bakuli la nyuzi 24, linaingia mizunguko miwili vizuri, kisha linagoma. Kama ni mtu wa haraka, atatafuta spana ndefu na kipande cha bomba cha kuongezea nguvu, na bakuli litaingia kweli, ila litaingia kwa kukata njia yake mwenyewe juu ya nyuzi za fremu. Tangu siku hiyo fremu hiyo haitashika bakuli la aina yoyote. Kabla ya kukaza, pangeni nyuzi za bakuli jipya dhidi ya nyuzi za bakuli la zamani, ubavu kwa ubavu, mkitazama mwangani. Zikilaliana bila mwanya kwa urefu wote, ni ndugu. Zikianza pamoja na kuachana njiani, rudisheni dukani. Na msisahau kwamba bakuli la upande wa cheni katika baiskeli za Kiingereza hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume, maana wengi wamekatisha spana kwa kulikaza huku wakidhani wanalifungua.

Pedeli nazo zina jambo lao. Krenki nyingi za vipande vitatu, yaani mikono miwili na ekseli, za Uingereza na za mashariki zina tundu la inchi 9/16, ambayo ni kama milimita 14.3, wakati za Ufaransa za zamani zina milimita 14. Tofauti hiyo ndogo inatosha kumdanganya mtu hadi aivue nyuzi. Krenki ya chuma yenye tundu la milimita 14 inaweza kukatwa upya kwa tapu, chombo cha kukatia nyuzi, ya inchi 9/16 ikapona, lakini kwa tapu, siyo kwa kulazimisha pedeli yenyewe.

Nimefika kwenye pini, ile tunayoiita kota pini, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa moyo wangu uko hapa. Pini hii ni kijiti cha chuma cha mviringo chenye bapa upande mmoja, na bapa hilo limechongwa likishuka kidogo kidogo kama kabari. Linalala juu ya bapa lililokatwa katika ekseli, na kadiri pini inavyoingia ndivyo mkono wa pedeli unavyobanwa. Ni ubunifu mzuri, umebeba mizigo ya nchi hii kwa miaka mingi, na ukifungwa sawasawa haulii wala haulegei. Pini lazima iwe laini kuliko ekseli, ili kitakachotafunwa kiwe cha bei ndogo. Lakini haipaswi kuwa laini kama msumari. Pini nyingi zinazouzwa sasa zimekatwa kutoka katika chuma kisicho na nguvu yoyote, bapa lake limesagwa kwa pembe isiyofuatana na ekseli, na kipenyo chake ni cha kubahatisha. Za Kiingereza ni milimita 9.5, na zipo nyingi za bara la Ulaya za milimita 9. Ukitia ya 9 katika tundu la 9.5, nusu milimita hiyo inakuwa nafasi ya mkono wa pedeli kupiga mbele na nyuma kila mzunguko, na ndani ya majuma machache tundu lililokuwa duara linakuwa yai. Hapo krenki iliyofuliwa vizuri, iliyovumilia nusu karne, imeuawa na kipande cha chuma kidogo kuliko kidole.

Kabla ya kuifunga pini yoyote mimi huipaka masizi ya kibatari kwenye bapa, naiingiza kwa mkono, naizungusha krenki kidogo mbele na nyuma, kisha naitoa na kuisoma. Masizi yakifutika bapa lote, pini inakaa. Yakifutika kwenye ncha moja tu, pini inagusa kwa ncha hiyo peke yake, na mzigo wote wa mtu na gunia lake utasimama juu ya mstari mwembamba. Basi naipeleka kwenye jiriwa na kuipiga tupa, mkono mmoja ukiongoza na mwingine ukisukuma, taratibu, mara nne au tano, nairudisha kwenye masizi, hadi ilale. Kazi hii hunichukua robo saa kwa kila upande. Najua mteja amesimama na ana haraka. Lakini robo saa hiyo ndiyo iliyofanywa na kiwanda kizuri zamani kwa niaba yetu, na kiwanda kisichoifanya kinatuachia sisi deni la kuilipa.

Na pini mbili zielekee kinyume: nati ya upande mmoja ikitazama juu, ya upande wa pili itazame chini. Zikielekea upande mmoja, mikono ya pedeli haitanyooka kwa mstari mmoja, na mwendeshaji ataenda kama mtu aliyevaa viatu visivyo jozi, bila kujua kinachomsumbua ni nini. Unapopiga nyundo, uutegemeze mkono wa pedeli kwa kipande cha bomba kilichosimama chini sakafuni. Bila hivyo pigo linapita katika ekseli na kuishia kwenye gololi, nazo zinachimba vidimbwi katika bakuli. Bakuli nyingi tunazozilaumu kiwanda chake, tumezitoboa vidimbwi sisi wenyewe.

Nilisema jina si dhamana, na hilo linahitaji ushahidi. Mwaka 1957 Raleigh ilinunua biashara ya baiskeli ya BSA, na mwaka 1960 Raleigh yenyewe ikaingia chini ya kampuni ya Tube Investments pamoja na majina kama Phillips na Hercules. Majina yaliendelea kubandikwa kwenye fremu, lakini aliyenunua BSA baada ya hapo hakuwa akinunua kazi ya wale watu wa bunduki. Vilevile baiskeli za Phoenix za Shanghai, na za Hero za Ludhiana nchini India, zilifuata umbo la baiskeli ya Kiingereza, na miongoni mwake nimekutana na krenki zilizofuliwa vizuri kabisa, zikizishinda baadhi ya za Kiingereza za miaka ya mwisho. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba hii ni ya Ulaya, nzuri, na hii ni ya Asia, mbaya, mwombe tupa.

Krenki ya Kimarekani ya kipande kimoja, iliyopindwa kama herufi Z na kupita katika fremu bila pini, mnaiona katika baiskeli za watoto. Ni ya chuma cha kufuliwa, nzito, haina mengi ya kuharibika, na sina zaidi la kusema juu yake.

Krenki ya mwisho inayopita mikononi mwenu ni ya aluminiamu, imetoka katika baiskeli ya mtumba ya Japani. Njia hii ilifunguliwa na Stronglight ya Saint-Étienne, Ufaransa, ambayo mwaka 1933 ilitoa krenki ya aluminiamu isiyo na pini, inayokaa juu ya ncha ya ekseli yenye umbo la mraba unaopungua, na kubanwa kwa bolti. Aluminiamu haina ule mpaka wa kuvumilia nilioutaja katika chuma cha pua. Hata mzigo mdogo, ukirudiwa vya kutosha, huichosha. Kwa hiyo umbo na ulaini wa ngozi yake vina uzito mkubwa zaidi. Krenki ya Record ya Campagnolo, iliyotoka mwaka 1958 na kupendwa na waendesha baiskeli wa mashindano dunia nzima, ilifuliwa na kusuguliwa kwa ustadi ambao bado unanistaajabisha, na hata hivyo nyingi zake zimekutwa na nyufa pale mkono unapokutana na matawi yanayoshika gia, kwa sababu kona ya mahali hapo ilikuwa kali. Fundi bora, metali bora, na kona moja. Zile za bei nafuu zina tatizo jingine: matawi hayakufuliwa pamoja na mkono, yalibanwa juu yake kwa mashine, na baada ya muda hulegea na kulia kila unapokanyaga, wala hakuna bolti ya kukaza. Igeuzeni muone kama mkono na matawi ni kitu kimoja au ni viwili vilivyokutanishwa.

Ncha ya mraba ya Kijapani na ya Kiitaliano zina mteremko sawa, digrii 2 kila upande, lakini unene wa ncha hautoshani, na krenki iliyochongwa kwa ajili ya moja ikifungwa juu ya nyingine husimama milimita kama 4 au 5 mbali na inapostahili. Cheni itakwenda upande na bolti itakaza bila kubana. Na krenki ya aluminiamu iliyoendeshwa hata siku moja ikiwa imelegea, tundu lake la mraba huwa limekwisha kutanuka. Kukaza baada ya hapo hakurudishi kitu.

Kwetu Tanga kuna adui ambaye kiwanda cha Nottingham hakikumjua vizuri, naye ni upepo wa bahari. Kromu peke yake ina vinyweleo. Kinachozuia kutu ni tabaka la nikeli lililo chini yake, na kiwanda kilichobania nikeli utakitambua kwa malengelenge yanayoanza kuvimba ndani ya mwaka mmoja kwa mtu anayekaa Sahare. Aluminiamu nayo ikikaa juu ya chuma katika hewa yenye chumvi hushikamana nacho kama imeunganishwa kwa moto. Pakeni grisi nyembamba kwenye nyuzi za pedeli kila mnapofunga, hata kama pedeli inaingia vizuri bila grisi. Aliyefungua pedeli iliyogandamana miaka sita anajua kwamba huvunjika krenki kabla ya pedeli kukubali.

Nimeona nyuma pale kijana aliyekuja na Raleigh ya babu yake, na nimeisikia tangu ilipoingia: inagonga mara moja kila mzunguko, upande wa kushoto. Ilete hapa mbele, mwanangu, uiegemeze kwenye meza. Wewe mwenye kipande cha bomba, kisimamishe chini ya mkono wa pedeli, hivyo hivyo. Kibatari kiko wapi? Sogeeni karibu wote muone, nailegeza nati sasa.